Mlango wa Tuta

Kwanza niseme wazi: mimi sikuja jangwani kwa mapenzi yangu. Nilikuja kwa sababu nimeolewa, na mwanamume aliyenioa alipata wazo. Mwanamume mwenye homa unampa dawa, unamfunika blanketi, anapona. Mwenye wazo unamfuata tu.

Mume wangu alikuwa akiuza saruji na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mimi nikisuka nywele za watu mtaa wa nyuma. Duka likafungwa. Akakaa nyumbani akitazama dari, halafu siku moja akaja na habari za jumuiya fulani ya watu waliohamia jangwani kujifunza kujenga kwa udongo na kulima mahali ambapo hata mbuzi wamekata tamaa. "Huko," akaniambia macho yakimng'aa, "unajenga nyumba kwa ardhi iliyo chini ya miguu yako." Nikamwambia ardhi iliyo chini ya miguu yangu ina lami. Akacheka, akaanza kufunga mizigo. Akamchukua na mama yake. Dada yake naye akajiunga, mimba changa tumboni, mumewe akibaki mjini kazini. Kwa hiyo nilikwenda jangwani na mume, mama mkwe na wifi. Waliokwisha kuolewa hawahitaji maelezo zaidi.

Tulifundishwa na mwanamke mmoja mrefu, mkavu, kichwa amenyoa chote, ambaye watu walimwita Mwalimu. Nilipomwona nikajua hapa mteja nimekosa. Hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alitupa chupa, akatuambia tutie udongo nusu, tujazie maji, tutikise, tuiache. Kesho yake mchanga ulikuwa umelala chini na mfinyanzi umekaa juu yake, naye akatuonyesha kwa kidole: huu utakuwa ukuta, huu utakuwa majuto. Tukajifunza kukanyaga tope na majani makavu mpaka miguu ife ganzi. Tukajifunza kufinyanga donge, kuliangusha kutoka usawa wa bega, na kulisoma lilivyopasuka. Tukajifunza kutandaza majani chini ya kila mche, maana Mwalimu alisema kuiacha ardhi uchi ni kukosa adabu. Hata kwenda chooni tulijifunza upya, na hayo sitayaeleza.

Mume wangu alichanua. Alitembea na pima maji yake ya dukani mfukoni, akipima kila kitu, hata meza ya chakula, mpaka watu wakambandika jina: Bwana Pimamaji. Mimi waliniita Msusi. Na nitasema ukweli hata kama unaniuma: nilikuwa hodari. Mkono uliozoea kuvuta unywele bila kumliza mtu unajua kupiga lipu ya udongo. Niliwapita wengi, na mume wangu mmojawapo.

Kilichonishangaza zaidi ni tuta. Mvua kule hainyeshi kwetu. Inanyesha milimani, mbali, nasi tunaletewa maji na korongo, yote kwa mkupuo mmoja, kisha basi mpaka mwakani. Zamani yalikuwa yanapita na kwenda zake. Jumuiya ikachimba mfereji wa kuyatoa korongoni na kuyaleta nyuma ya tuta refu la udongo, limepinda kufuata mteremko, juu kidogo ya vyumba vyetu. Maji yanakaa pale, yanazama polepole, na miti ya chini inakunywa miezi na miezi. "Maji hayafukuzwi," alisema Mwalimu. "Yanakaribishwa, yanakalishwa, yakizidi yanasindikizwa mlangoni."

Huo mlango ndio kiini cha kisa changu. Katikati ya tuta palikuwa na pengo lililopangwa mawe, chini kidogo ya kimo cha tuta lenyewe, ili maji yakizidi yatokee hapo na kuteremka kwa mtaro wa mawe hadi bustanini bila kugusa nyumba ya mtu. Tuliliita mlango. Na kwa kuwa mbao kule ni adimu na vyumba vyetu vilikuwa na mapazia tu, ukisema "mlango" pale jumuiyani karibu kila mtu angegeuka kutazama tuta. Milango ya kweli, ya ubao na bawaba, ilikuwa miwili: mmoja wa ghala la mbegu, wa pili wa chumba cha wifi.

Siku tuliyokuwa tukilishindilia tuta, Mwalimu alitufundisha jambo moja zaidi. "Likijaa, tazameni mguuni mwake," alisema. "Yatavuja, hiyo ni kawaida. Yakivuja maangavu, kalaleni. Yakivuja na rangi, tuta linaliwa kutoka ndani. Msibishane, ondokeni chini yake."

Sasa nije kwenye chumba cha wifi. Kile chumba cha duara, paa lake la kuba, kilikuwa changu. Hakuna aliyenikabidhi, lakini mimi ndiye niliyekipiga lipu ndani na nje kwa viganja hivi, nikapachika ukutani chupa za rangi ziwe madirisha, nikijua ndimo nitakamolala. Kilipokauka mama mkwe akasema mjamzito hawezi kuendelea kulala hemani, na mume wangu akaitikia "ndiyo mama" kabla sijameza mate. Sikupinga. Nani ampinge mjamzito? Lakini wifi alipohamia aliupapasa ukuta akasema, "Umejitahidi, wifi, ingawa hapa pana mawimbi." Mawimbi. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa za kuhesabu.

Mume wangu akaniahidi cha kwetu. Tukakijenga upande wa kulia wa mteremko, chini ya ncha ya tuta, kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Nikamwambia bayana: maji ya mwaka huu yakinikuta hemani, narudi mjini kusuka. Akajenga kama mtu anayefukuzwa. Wiki ile wifi alipojifungua, mtoto wa kike, kuta zetu zilikuwa zimekwisha na paa limefunika, imebaki lipu. Niliipenda nyumba ile. Niliipenda kuliko kitu chochote kisicho na pumzi nilichowahi kukipenda.

Siku yenyewe ilianza na vumbi. Asubuhi tuliliona limesimama mbali, kahawia, linatujia. Mwalimu akawachukua watu wote kwenda ng'ambo ya korongo, kulikokuwa na miche mipya iliyotakiwa kufunikwa kabla mchanga haujaifukia. Tukabaki sisi: mama mkwe na wifi chumbani na mtoto, mimi na lipu yangu, na mume wangu. Kabla hajaondoka, nilimwona Mwalimu kwa mbali akimwambia jambo, naye akiitikia kwa kichwa kwa heshima zote, kama kawaida yake mbele ya walimu. Nikarudi ndani kwenye ukuta wangu.

Vumbi likaja, likatupiga, likapita. Mchana ukawa mweupe tena. Nilikuwa nikisawazisha pembeni mwa dirisha niliposikia mngurumo. Haikuwa radi, radi inakatika. Huu haukukatika. Korongo lilikuwa linakuja.

Nikatoka mbio na mikono yangu ya tope, nikapanda juu ya tuta. Jamani, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Maji yakaingia mferejini yakitoa povu, yakajitandaza nyuma ya tuta, yakapanda, yakameza jiwe moja baada ya jingine. Nikawa nacheka peke yangu. Ng'ambo niliwaona wenzetu wamesimama ukingoni, wadogo kwa umbali, korongo limewakatia njia, hakuna wa kuvuka. Wakapunga mikono, nami nikawapungia. Mpaka nikagundua kwamba Mwalimu hapungi. Mwalimu anaelekeza kidole.

Nikageuka nikatazama alikoelekeza. Mlango haukuwepo.

Mahali pa pengo palikuwa na ukuta. Mifuko ya udongo, tabaka juu ya tabaka, viungo vimepishana, imeshindiliwa mpaka uso wake ukawa bapa. Na maji yalikuwa yamebakiza kidogo tu kufika juu ya tuta.

Mume wangu alikuwa anapanda mteremko akijifuta jasho, anatabasamu. "Umeona?" akasema. "Mchanga haukuingia hata punje."

"Nani kakwambia ufunge?"

"Mwalimu. Kasema vumbi linakuja, nisisahau kufunga mlango." Akautazama ukuta wake kwa upendo. "Kila upepo ukivuma mtaro unajaa mchanga, tunakesha kuuzoa kwa makoleo. Nikasema leo hauingii. Nikafunga vizuri, nikiwaza jioni nitafungua."

"Mlango upi, bwana wewe? Mlango upi?"

Macho yake yakashuka hadi kwenye ghala la mbegu, ambalo mlango wake ulikuwa wazi kabisa, upepo unaupigapiga ukutani. Tabasamu likamtoka usoni kipande kwa kipande.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mume wangu alijenga ukuta mahali pekee duniani ambapo ufa ndio uliotakiwa.

Tukairukia mifuko. Mtu mwingine angeziba pengo lile kwa mifuko ya kutupa ovyo, ukaivuta ikatoka. Lakini huyu alikuwa mwanafunzi mzuri. Tulifundishwa kujenga ukuta wa mifuko: mfuko juu ya mfuko, seng'enge katikati ya kila tabaka ing'ate juu na chini, kisha shindilia kwa gogo mpaka usikie sauti imebadilika. Yeye aliyafanya yote. Hata pima maji aliiweka juu yake, nina hakika. Tukavuta mfuko wa juu, seng'enge ikaukamata. Tukavuta tena, ikanichana kiganja. Udongo ulikuwa umeshakunywa maji, kila mfuko mzito kuliko mimi. Tukafaulu kupasua mmoja kwa jembe, maji membamba yakapita, kidogo tu, huku nyuma yake yakiendelea kupanda. Kuziba mfereji wa kuyaingiza hakukuwa na maana. Korongo lilikuwa limeshaumeza mfereji wenyewe.

"Utatoka tu," akawa anasema, damu inamtiririka vidoleni. "Polepole utatoka."

Haraka haraka haina baraka, najua, lakini polepole nayo siku ile haikuwa nayo. Nikamwacha. Nikashuka mbio upande wa kushoto hadi mguuni mwa tuta, pale ambapo chini yake, hatua chache, ndipo kilipokuwa chumba cha wifi. Nikapiga magoti. Maji yalikuwa yanavuja, uzi mwembamba ukiteremka katikati ya mawe. Nikayakinga kiganjani, nikayatazama juani. Maangavu kabisa. Nikashusha pumzi.

Halafu yakabadilika nikiyatazama. Kwanza yakawa kama maji yaliyooshewa mchele, kisha yakawa rangi ya chai ya maziwa. Na uzi ukaanza kunenepa.

Tofali bichi halijapita motoni. Ukilinyunyizia maji linastahimili, lakini likikaa ndani ya maji linarudi kuwa tope. Na kuba inasimama kwa sababu kila tofali limemwegemea mwenzake. Mguu wa ukuta ukilowa, juu kote kunashuka kwa pamoja. Mle ndani alikuwemo mama mkwe, alikuwemo wifi, na alikuwemo mtoto ambaye hata jina alikuwa hajapewa.

Nikaupiga mlango kwa ngumi mbili. "Fungua mlango! Fungueni mlango!"

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, tulivu, sauti ya mtu aliyefikishwa mwisho wa subira yake. "Mlango uko huko juu kwa mumeo. Mwambie yeye. Hapa mtoto ndiyo kwanza amelala."

"Mama, si ule. Ni huu. Mlango wa chumba."

"Nimewasikia mnavyopigiana kelele za mlango, mlango, tangu saa ile. Mzazi ametoka kujifungua, sasa mnataka akawabebee mifuko?"

"Mama, tuta linaliwa. Litawaangukia. Tokeni."

Halafu nikamsikia wifi akisema, "Mama, huyo hapigi kelele bure," na mara kitanda kikaanza kuburuzwa. Kumbe upepo wa vumbi ulikuwa ukiutupa mlango, wao wakakisukumia kitanda hapo na kuziba chini kwa matambara. Kitanda kikasogea, kikakwama. Wifi alikuwa ameshonwa alipojifungua, hawezi kusukuma kitu. Mama mkwe ana nyonga mbovu. Nikatia bega langu. Ubao ukaachia upana wa kidole, ukagoma. Madirisha ni zile chupa zangu, mapambo matupu, hata paka hapiti.

Nikatazama nyuma yangu. Chai ya maziwa ilikuwa inabubujika sasa.

"Endeleeni kuvuta kitanda," nikawaambia. "Msiache." Nikapanda tena juu. Tuta linaloliwa ama unalikimbia ama unalipunguzia maji, na kukimbia kulikuwa kumeshindikana.

Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti kwenye mifuko yake. Nikanyoosha kidole upande wa kulia, kwenye ncha ya tuta, mbali na chumba cha dada yake. "Kata kule," nikamwambia. "Kata sasa hivi."

Akasimama, jembe mkononi, akatazama. Chini ya ncha ile, sawasawa kabisa, ilikuwa nyumba yetu, lipu yangu bado mbichi inang'aa.

"Litahimili," akasema.

"Nimeona rangi. Linatoa rangi."

"Pengine ni udongo wa juu tu. Tuta halikatwi, ukishalikata huwezi kulizuia tena. Tukitoa mfuko mmoja hapa..."

"Dada yako yuko ndani. Mama yako yuko ndani. Mlango umekwama."

Hapo ndipo nilipomwona. Ningemwona amechanganyikiwa ningemsamehe papo hapo; mtu aliyechanganyikiwa namjua, macho yake yanazunguka. Ya mume wangu hayakuzunguka. Yalikwenda kwenye nyumba, yakatulia pale, yakarudi kwenye maji, yakaenda tena kwenye nyumba. Bwana Pimamaji alikuwa anapima.

Huenda ni muda wa kumeza mate tu. Lakini ulikuwa muda, na mimi niliuona, naye akaniona nikiuona. Nikamnyang'anya jembe.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wateja waliokataa kupunguza ncha zilizokatika mpaka kichwa kizima kikaharibika. Nikakimbia juu ya tuta hadi mwisho wake, nikainua jembe nikapiga. Udongo ule niliushindilia mwenyewe, na nilikuwa nimeushindilia vizuri, nikome mwenyewe. Nikapiga, nikapiga, nikawa nalia na kutukana kwa pamoja, maneno ambayo mama mkwe hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Mwishowe ulimi mmoja mwembamba wa maji ukapita kwenye alama niliyochimba. Kisha mwingine. Halafu udongo ukaanza kuondoka wenyewe chini ya miguu yangu, nikajitupa nyuma nikaangukia makalio.

Maji yakaipiga nyumba yetu ubavuni, yakagawanyika, yakaizunguka. Kidogo nikadhani itasimama. Lipu ndiyo iliyoanza, ikateleza chini nzimanzima. Kisha mguu wa ukuta ukalegea, ukuta ukakaa taratibu, na paa likaufuata. Hapakuwa na kishindo. Sikungoja kuona mwisho wake. Nilikuwa nimeshageuka, nakimbilia upande wa kushoto.

Nyuma ya tuta maji yalikuwa yanashuka, jiwe baada ya jiwe. Mguuni mwake ule mbubujiko ukakonda, ukarudi kuwa uzi, uzi nao ukafifia. Maji yaliyokwisha kutoka yalikuwa yamefika kwenye ukuta wa wifi na kuulowesha chini, kiasi cha unene wa mkono, yakaishia hapo. Mlango ukafunguka nusu. Mkono wa mama mkwe ukatoka na furushi, nikalipokea. Mtoto alikuwa amelala. Kelele zote zile, na amelala. Nikakaa kwenye tope nimemkumbatia, na mume wangu alipokuja kunyoosha mikono sikumpa.

Korongo lilipopungua wenzetu wakavuka. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mifuko, akapitisha kiganja kwenye viungo vyake. "Nani amejenga hapa?" akauliza. Mume wangu akasema ni yeye. "Uliniambia nifunge mlango," akaongeza.

Mwalimu akageuka akalitazama ghala. "Wa ghala, baba," akasema. "Mbegu zisijae mchanga."

Hakuna aliyecheka, ingawa pale jumuiyani watu wanacheka kwa kidogo. Mwalimu akatazama pengo la upande wa kulia, akatazama rundo la tope lililokuwa nyumba yangu, akaitazama mikono yangu. Hakuuliza.

Aliyeuliza ni wifi. Walimlaza kwenye ukumbi wa chakula, ulioko juu kidogo, mpaka chumba chake kikaguliwe. Nilimkuta ananyonyesha, mama mkwe yuko kando anakunja nepi. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya kunywa, ameileta, lakini hajui aiweke wapi.

"Wifi," akaniita. Si kwa salamu ya kuhesabu; aliniita kama anavyoitwa mtu. "Nani alikata tuta?"

Nilijua anachouliza. Alikwisha kuona palipokuwa nyumba yangu, kila mtu alipaona. Alikuwa anauliza ni nani aliyewachagua wao. Mama mkwe akaacha nepi. Mume wangu hakusogea. Nami nilikuwa na hasira, tena hasira yenye haki, ile tamu ambayo mtu huipata mara chache maishani, na neno moja tu lingetosha kuimwaga pale. Nikamtazama wifi, uso umevimba kwa uchovu, mkono umemshika mtoto kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nikawaza: huyu hana kaka mwingine.

"Kaka yako," nikasema.

Wifi akaanza kulia, machozi yanamdondokea mtoto. "Nilijua," akasema. "Nilimwambia mama mle ndani, kaka hawezi kutuacha." Mama mkwe akainua viganja akamwombea mwanawe, dua ndefu, azae, ajenge, asikose wa kumzika. Mume wangu akasimama akizipokea baraka zote zile, ndoo imemwinamia mkononi, maji yanamwagikia miguuni mwake. Sijawahi kuona mtu akipigwa vile. Kisha akaiweka ndoo chini, akatoka.

Nikamkuta kwenye ile nyumba. Alikuwa amevua viatu na kukunja suruali, anakanyaga tope la kuta zetu, peke yake. Majani makavu yalikuwa bado yamo ndani yake, hata kuongeza hakukuhitajika.

"Kwa nini ulisema vile?" akauliza bila kuinua uso.

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Ungeusema wewe. Ulikuwepo."

Akakanyaga, akakanyaga. "Nilikuwa nakwenda kukata," akasema. "Naapa. Nilikuwa karibu kukata."

Huenda ni kweli. Nimelifikiria sana jambo hilo na mpaka leo sijui. Pengine angepata nafasi kidogo zaidi angefika mwenyewe. Lakini maji hayakuwa na nafasi ya kumpa, na mimi pia sikuwa nayo, na sasa hatutajua kamwe, si yeye wala mimi.

"Utarudi mjini?" akauliza.

Nililitazama tope. Vyumba viwili nimevipiga lipu jangwani, na sina hata kimoja. Kiganja kilikuwa kinaniuma pale seng'enge iliponichana. Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kibao, yote mawili kwa wakati mmoja, nikakosa la kuanza nalo. Nikavua kandambili, nikaziweka juu ya jiwe.

"Nitakaa," nikamwambia. "Lakini tuelewane. Siku nitakayokuwa mimi chini ya tuta, sitakungoja. Nitabomoa ukuta nitoke mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, bila kunitazama. Nikaingia topeni kwa upande wa pili, tukaanza kukanyaga.